Kwotabeki wa miaka 42: mtu hujuaje wakati wa kuweka mpira chini umefika?

Bushi_Kirinyaga:

Wazee, habari za Jumatatu. Naandika nikiwa dukani, macho mekundu, maana ile mechi ya alfajiri iliisha saa moja na nusu na saa mbili nilikuwa nafungua mlango.

Mimi ni kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi. Chekeni kwanza mmalize. Tuna kikundi chetu cha futiboli ya Marekani, ile ya vibendera kiunoni, hakuna kuangushana. Tunacheza kila Jumapili asubuhi kwenye kiwanja kimoja cha Lang'ata. Wengi ni vijana wa ishirini na kitu, wengine walitoka raga, na nusu yao ni mimi niliyewaonyesha vidole vinakaa wapi kwenye zile nyuzi za mpira. Mwezi wa tisa nilifikisha miaka 42.

Bega la kulia limekataa. Shati sasa naanza kuvaa na mkono huo, nikianza na wa kushoto sitoki nyumbani. Kwa matatu sishiki chuma cha juu, naegemea kiti cha mtu na kuomba msamaha mpaka mjini. Na kuna pasi moja ambayo ndiyo ilikuwa jina langu. Mpokeaji anakimbia yadi kumi mbele, halafu anakata ghafla kuelekea mstari wa pembeni. Ukiirusha sawasawa, mpira unamkuta ndio anageuza kichwa. Jumapili iliyopita kijana alikata, akageuka, akasimama, akangoja. Mpira ulikuja kama barua ya posta. Beki wao akauchukua njiani akatimua mbio nao mpaka mwisho, na wa kumkimbiza nilikuwa nimebaki mimi peke yangu. Sikumfikia.

Lakini sikieni kinachonichanganya. Naona uwanja kuliko nilivyowahi kuona. Beki akihamisha uzito kwenye mguu wa kushoto tu, nimeshajua anakoelekea. Nikiwa na 27 nilikuwa na mkono wa kutoboa ukuta, na sikuwa naona kitu. Sasa macho yamekuja, mkono ndio huo unaaga.

Kwa hivyo nimekuwa nikimfikiria Tom Brady, kwotabeki wa NFL, ligi kuu ya Marekani. Tarehe 1 Februari 2022 alitangaza amestaafu. Siku arobaini baadaye akarudi. Arobaini! Hata pilau ya hitima haijapoa, marehemu ameingia sebuleni anauliza sahani yake iko wapi. Na si kwamba alikuwa amechoka: msimu uliokuwa umeisha, akiwa na miaka 44, ndiye aliyeongoza ligi nzima kwa yadi za pasi, 5,316. Akarudi, timu yake ya Tampa wakashinda mechi 8 wakapoteza 9, Dallas wakawatoa, na tarehe 1 Februari 2023 akastaafu tena. Alikosea kurudi, ama alikosea kuondoka mara ya kwanza?

Mimi nauza bushi na bolijointi. Mtu akiniletea bushi iliyokwisha, naijua kwa kidole tu, hata gari sijaliona. Bega langu mwenyewe nimelishika miezi mitatu na sijajua kama limekwisha ama limelegea.

Kiti_cha_Nyuma:

Serikalini ni miaka 60 na barua inakuja yenyewe. Bado una miaka 18 ya kurusha posta, buda.

Lakini kweli, George Blanda alicheza mpaka miaka 48, ingawa mwishoni kazi yake kubwa ilikuwa kupiga mpira kwa mguu. Na Desemba 2025 Colts, timu ya Indianapolis, walimpigia simu kwotabeki Philip Rivers, miaka 44, karibu miaka mitano tangu astaafu, ametulia Alabama anafundisha watoto wa sekondari. Akaja, akaanza mechi. Kwa hivyo hata ukiacha, usibadilishe namba ya simu.

Mzee_wa_Skrum:

Kijana (una 42, kwangu ni kijana), umemtaja Brady kwa sababu Brady ndiye anayekufaa. Ngoja nikupe Peyton Manning, kwotabeki wa Denver.

Tarehe 15 Novemba 2015, Denver wanacheza na Kansas City. Manning ana miaka 39, shingo imeshapasuliwa, mguu unauma. Siku hiyo alihitaji yadi tatu tu kumpita Brett Favre na kuwa mtu aliyerusha yadi nyingi kuliko wote katika historia ya ligi. Akazipata, mpira ukasimamishwa, watu wakapiga makofi. Mechi ikaendelea. Alirusha mara 20, zikafika 5, yadi 35, na nne zilinaswa na wapinzani. Kocha Gary Kubiak akamtoa, akaingiza kijana. Rekodi na benchi, siku moja, uwanja mmoja.

Ule msimu wa kawaida alimaliza na pasi 9 za tachidauni (zile za kufunga) na 17 zilizonaswa. Kisha akarudishwa, na Februari 2016 akashinda Super Bowl ya 50, fainali ya ligi, dhidi ya Carolina, 24 kwa 10. Ulinzi ndio uliobeba kombe, na tuzo ya mchezaji bora ikaenda kwa mlinzi, Von Miller. Mwezi uliofuata akaaga. Watu husema aliondoka akiwa kileleni. Aliondoka akiwa amebebwa hadi kileleni, na alikuwa na akili ya kulijua hilo.

Ninachokuuliza ni hiki: Kubiak wako ni nani? Nimesoma maneno yako mara mbili. Wewe ndiye kwotabeki, wewe ndiye uliyewafundisha, na naweka dau hata mfuko wa mipira unalala kwako. Hao vijana hawatakwambia kamwe. Wanakuonea haya. Ile pasi ilipofika kama posta, kuna aliyesema neno? Najua hakuna. Walikupiga mgongoni wakasema "bahati mbaya, mkubwa."

Mimi nilicheza raga mpaka 39. Hakuna aliyeniambia. Jumamosi moja niliangalia orodha ukutani, nikalitafuta jina langu kikosi cha kwanza, nikashuka cha pili, nikalikuta cha tatu, tena limeandikwa vibaya. Nilikasirika mwaka mzima. Leo namshukuru aliyelibandika, ila yule aliyeliandika vibaya bado namtafuta.

Viungo_Donholm:

Kaka, hawa wanaume wamekuzika kabla daktari hajakuona. Kazi yangu ni kuwanyoosha watu viungo, mabega nayaona kila siku, na mengi ni ya akina mama wanaofua na makondakta wanaoning'inia mlangoni. Hao hakuna anayewaambia wastaafu.

Jibu maswali mawili. Ukilalia upande huo usiku, maumivu yanakuamsha? Na ukiinua mkono kupitia ubavuni, unauma ukifika usawa wa bega halafu unaachia kidogo ukipita juu? Kama ni ndiyo, huenda ni zile kano zinazolishika bega, na nyingi hutulia kwa mazoezi ya polepole ya wiki kadhaa, bila kisu. Miezi mitatu unalishikashika tu? Nenda lionwe.

Na msichanganye ugonjwa na uzee. Andrew Luck, kwotabeki wa Colts, aliacha Agosti 2019 akiwa na miaka 29, amechoshwa na kuumia, kupona, kuumia tena. Habari zilivuja mechi ikiendelea, na mashabiki wa Indianapolis wakamzomea akitoka uwanjani. (Ndiyo Colts ile ile ya Daniel Adongo wetu, aliyetoka raga akaenda huko 2013.) Upande wa pili yuko Aaron Rodgers. Septemba 2023, mechi yake ya kwanza na Jets ya New York, mpira umeanzishwa mara ya nne tu, kano ya kisigino ikakatika, naye ana 39. Msimu uliofuata alianza mechi zote 17.

Kiti_cha_Nyuma:

Favre naye mbona mnampita? Alilia akistaafu Machi 2008, Agosti yuko Jets. Akastaafu tena, 2009 yuko Minnesota, miaka 40, tachidauni 33 na 7 tu zilizonaswa. Kisha fainali ya NFC, ile ya kuingia Super Bowl, na New Orleans, sare 28, sekunde za mwisho, akarusha kukatisha mwili, Tracy Porter akaunasa. Angekimbia tu yadi chache! Macho yaliona, mkono ukasema naweza.

Bushi_Kirinyaga:

Nimechelewa kujibu, kulikuwa na mzigo wa springi za lori.

Dada, jibu ni ndiyo kwa yote mawili. Nimeambiwa nije Alhamisi.

Mzee, mfuko wa mipira ulikuwa unalala kwangu, umeshinda dau. Na ni kweli nilipigwa mgongoni, maneno ndiyo hayo hayo.

Jana nilikwama Barabara ya Lang'ata, nikafika dakika ishirini baada ya muda. Nilidhani nitawakuta wameanza. Wangeanza na nini? Walikuwa wamekaa kwenye nyasi wananingoja, wote kumi na moja. Isipokuwa yule kijana aliyeingoja pasi yangu: alikuwa amesimama anamrushia mwenzake chupa ya maji, ya nusu lita, ikiwa imejaa. Umbali kama wa yadi kumi na tano. Chupa ilikwenda inazunguka kwenye mhimili wake, haiyumbi, ikamkuta mwenzake kifuani. Akamrushia tena. Nikasimama kwenye lango na mfuko begani, lile la kushoto, nikaangalia kama tano hivi kabla hawajaniona.

Nilimwambia aanze yeye. Mimi nikasimama nyuma yake, nikawa namnong'oneza beki anakoelekea. Mara mbili hakusikia akafanya lake, moja ikanaswa, moja ikawa tachidauni. Tulifungwa.

Kuhusu kuacha sijasema neno, na wao hawakuuliza. Mfuko ameondoka nao, anakaa Rongai. Pampu nimebaki nayo.