MREJESHO: Mama na chanjo ya saratani ya ngozi (Mwanza)

Wakubwa shikamooni. Mwezi wa tatu niliuliza kama mama yangu, mwenye melanoma (aina ya saratani ya ngozi) ya unyayo iliyofika kwenye tezi za kinena, anaweza kupata ile chanjo inayojaribiwa nje. Asanteni mno kwa majibu.

Nilimfuata aliyesema tusisubiri chanjo, tuanze na upasuaji. Tulifanya hapa hapa Mwanza, doa na tezi vikatolewa. Mguu bado unavimba jioni.

Chanjo tumekosa. Niliandika barua pepe, nikajibiwa hakuna nafasi. Iliniuma sana. Ila sasa naielewa: haikingi kama ya surua. Hutengenezwa kwa kila mgonjwa kutokana na uvimbe wake mwenyewe, ili kinga ya mwili izitambue seli za saratani, na hutolewa pamoja na pembrolizumab, dawa inayosaidia kinga ya mwili kupambana na saratani. Katika jaribio moja la wagonjwa 157, wote walikuwa wameshafanyiwa upasuaji kwanza. Kwa hiyo hatukupoteza kitu kwa kutangulia.

Mama alidhani amekanyaga mwiba mwaloni Kirumba. Miezi saba! Doa jeusi la unyayoni likikua, lipimwe.

Jumatatu tunarudi kliniki.