Walimu wa piano Dar mnatuibia! Mtoto anafika gredi ya 5 hawezi kusoma ukurasa mmoja wa nota

Wakuu, uzi huu nauandika nikiwa na hasira. Wazazi mnaolipia watoto piano kwa saa, iwe Upanga, Masaki au Mikocheni, naomba msome mpaka mwisho, maana hela inayoliwa ni yenu.

Nimekulia kwenye piano ya klasiki tangu darasa la pili. Mama anauza vitenge Kariakoo, na biashara iende isiende, ada ya mwalimu ilikuwa inatoka kwanza. Alichokuwa analipia bila kujua ni vipande vitatu vya muziki kwa mwaka. Vitatu! Mwaka ukianza mwalimu anafungua kitabu cha gredi, yaani ngazi ya mtihani, anachagua vitatu, anakupigia, unaangalia vidole vyake, unarudia. Baada ya wiki chache vidole vimekariri na kitabu kipo mbele yako kama pambo. Muda wote uliobaki ni kusugua hivyo hivyo mpaka mtahini afike. Ukiomba kipande kingine unajibiwa, "Hicho hakipo kwenye mtihani." Ukikosea, rula inatua kwenye vifundo vya vidole. Mtoto wa miaka 8 anachapwa vidole vile vile anavyotakiwa kuvilegeza!

Mtihani wenyewe sina ugomvi nao. Gredi za ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ambazo wengi tunazifanya, zina alama 150: vipande vitatu alama 30 kila kimoja, skeli (kupanda na kushuka ngazi ya nota) 21, kusoma ukurasa usiowahi kuuona 21, kipimo cha sikio 18. Kufaulu ni 100. Yaani waliouandaa wanataka mtoto asome na asikie. Mwalimu mvivu anaona njia ya mkato: mtoto akikaririshwa vipande na skeli vizuri, hata akiambulia alama chache kwenye kusoma atavuka 100. Mzazi anafurahi, cheti kinatundikwa sebuleni, ada inaendelea kuingia. Na tangu 2020 kuna gredi za aina nyingine ambazo unarekodi video ukipiga vipande vinne, hakuna kusoma wala kipimo cha sikio. Kwa mwanafunzi aliyefundwa vizuri ni jambo jema. Kwa walimu wa aina hii ni kichaka cha kujifichia.

Sasa sikieni matokeo yake. Nikiwa gredi ya 5, mpiga kinanda wa kwaya yetu Tabata aliugua. Wanajumuiya wakamwambia mama, si una mtoto anasoma piano kwa hela? Nikakalishwa kwenye kinanda, nikawekewa wimbo wa mwanzo, nota za sauti nne, ukurasa mmoja. Sikuweza kupiga hata mstari wa kwanza. Kwaya nzima imesimama inanisubiri, mama yupo benchi la mbele. Na kina nani walikuwa wamesimama pale? Fundi cherehani, kijana wa bodaboda, mama anayeuza samaki Feri. Wimbo ule walikuwa wameusoma kwa solfa, yaani nota za do re mi, mazoezini wiki ile ile, sauti ya kwanza mpaka ya nne, wenyewe kwenye karatasi.

Na hao ndio mwalimu wangu alikuwa akiwadharau, anawaita "watu wa do re mi". Kwenye solfa ya kwaya zetu do inahama na ufunguo, yaani nota ambayo wimbo umejengwa juu yake. Sauti ya kwanza wakilalamika kuwa wimbo uko juu, mwalimu wa kwaya anashusha do, wanaimba. Muulize mtoto wa vyeti ahamishe wimbo kutoka ufunguo wa G kwenda wa F uone kama atajua aanzie wapi.

Aliyeniokoa ni huyo huyo mwalimu wa kwaya. Piano hana, ana kinanda cha kii 61 cha parokia. Kila nikienda ananiwekea ukurasa mgeni, rahisi kabisa, anahesabu kwa sauti na hairuhusiwi kusimama hata ukikosea. Halafu ananiambia niimbe sauti ya nne huku napiga ya kwanza. Siku moja nikampigia Invensheni ya kwanza ya Bach, mtunzi wa Kijerumani, kipande kifupi cha sauti mbili niliyokuwa nimeikariri kwa rula. Akaniuliza, "Mkono wa kushoto unasema nini?" Sikuwa na jibu. Kumbe kushoto kunaingia kunarudia maneno yale yale ya kulia, oktavu moja chini (nota zile zile, ila nzito zaidi), kama sauti mbili za kwaya zinazofuatana! Mwaka mzima nililipiwa kipande hicho na hakuna aliyeniambia. Na Bach mwenyewe mwaka 1723 aliandika mwanzoni mwa kitabu cha Invensheni zake kwamba vipande hivyo ni vya kumfundisha mwanafunzi kupiga sauti mbili kwa usafi, kupata mawazo ya muziki na kuyaendeleza. Yaani ni somo, na walimu wetu wamelifanya mapambio ya kukariri.

Piano zenyewe nisiongee sana. Unyevu wa Dar unavimbisha mbao, sauti za nyuzi zinapanda na kushuka, halafu mwalimu anapokea ada kwenye piano ambayo haijaguswa na fundi tangu inunuliwe. Hapo sikio la mtoto unalijenga na nini?

Wazazi, kipindi kijacho ingieni na mtoto. Chukueni ukurasa wowote ambao hajawahi kuuona, mdogo kuliko gredi yake, wekeni mbele yake. Akishindwa, msimgombeze mtoto, mgeukieni mwalimu.

Na walimu wa piano mliomo humu, msije kunijibu kwa vyeti. Njooni mseme hapa: mwanafunzi wako anapiga vipande vingapi kwa mwaka, na mara ya mwisho kumwekea ukurasa mgeni ilikuwa lini?