Nimempelekea fundi gitaa la tumbo wazi abadilishe pikapu, kanirudishia KABATI

Nyuzi Sita (mleta uzi):
Wakuu naandika mikono inatetemeka, salamu mtazikuta mbele. Yule fundi mnamjua, simtaji, yule yule anayesifiwa na kila mpiga gitaa wa mji huu, anayekwambia "acha hapo njoo jioni" huku anakula mihogo juu ya ampu (spika ya gitaa) ya mtu. Huyo. KALIKATA GITAA LANGU MGONGONI AKALIWEKEA MLANGO.

Mlango wakuu. Una bawaba. Una komeo.

Gitaa lenyewe ni Ibanez AF75, najua sio Gibson, ndo la sisi wa mishahara ya kuungaunga, ila ndani ni tupu kabisa, hata bila umeme ukiligusa chumba kizima kinasikia. Shida ilikuwa volyumu inakwaruza kila nikiizungusha na pikapu za kiwandani, vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi, sauti yake tope tupu, solo haitoki. Nikaagiza pikapu mpya, vizungusho vya volyumu na toni vya ohm 500k, tundu jipya la jeki na waya zake, mzigo ukakaa njiani mpaka nikaanza kuhisi nimepigwa, ulipofika nikampelekea vyote kwenye mfuko, yeye kazi yake kuunga waya kwa risasi basi.

Sasa gitaa la hivi halina mfuniko nyuma, dunia nzima inajua, kila kitu unakipitisha kwenye yale matundu yenye umbo la herufi f hapo mbele, kazi ya subira. Jamaa subira hana ana msumeno. Nafika jioni anacheka mwenyewe, analigeuza, anafungua komeo KWA KIDOLE KIMOJA mbele yangu, eti "nimekurahisishia kaka, siku nyingine huhitaji hata fundi."

Na mgongo wa gitaa umebinuka, kamlango kake kamenyooka, kwahiyo hakakai, pembe moja imenyanyuka unapitisha shilingi mia tano. Ukipiga uzi mnene mlango unaitikia krrrrr. Afu kwenye hesabu kaandika bawaba elfu mbili, komeo elfu na mia tano. Nimelipia komeo wakuu. Komeo.

Mtoto wa Ridhim:
Nimekaa paleee, karanga ninazo.

Bandiko Moja:
Bila picha hii ni chai.

Nyuzi Sita:
Picha ntaweka nikitulia, sahivi nikiliona lile komeo presha inapanda.

Mama Vifaranga:
Weka na kufuli kabisa mkuu, mji huu vibaka wengi 😂😂

Mzee Solo:
Dogo pole, ila nyie vijana mnapeleka chombo kwa mtu kwasababu kasifiwa baa. Kazi hiyo ina njia yake. Unafunga uzi wa kushonea kwenye kila shina la volyumu na toni, unazisukuma ndani, unazitoa kwa tundu la f, unaunga waya zako nje mezani kwa raha zako, ukimaliza unarudisha ndani unavuta uzi, shina linachungulia lenyewe kwenye tundu lake, unakaza nati. Wengine badala ya uzi wanachomeka kampira ka dripu. Halafu ukishatoa pikapu kwenye gitaa la tumbo wazi pale chini panabaki tundu la mstatili, vidole vinaingia mpaka ndani. Msumeno wa nini?

Nyuzi Sita:
ASANTE MZEE, shikamoo. TUNDU LILIKUWEPO. Pikapu kazitoa yeye mwenyewe, tundu linamtazama usoni, yeye kazunguka nyuma kukata jingine!!

Bandiko Moja:
Sasa linapiga au halipigi?

Nyuzi Sita:
Linapiga. Ndo kinachoniuma, solo inatoka safi, volyumu kimya, yaani sina hata pa kumkamatia ila mlango. Na brichi. Brichi, kale kadaraja kanakobeba nyuzi tumboni, kwa hili gitaa haijagundishwa popote, inashikwa na mgandamizo wa nyuzi tu, unatakiwa ubadilishe uzi mmojammoja, yeye kang'oa zote kwa mpigo brichi ikahama, akaipiga supa gluu hapohapo ilipohamia, imesogea kuelekea shingoni, ukibonyeza kifungo cha 12 pale shingoni noti iko juu kuliko hamoniki yake, ile sauti ya kugusa tu uzi hapohapo bila kubonyeza. Ila brichi nasamehe. MLANGO.

Besi la Kanisani:
Unalalamika bure. Hizo gitaa ukumbini ukiongeza sauti kidogo linavuma lenyewe, fidibaki mpaka maharusi wanaziba masikio. Dawa yake ni sponji ndani. Sisi wengine tunasokomeza sponji kwa matundu ya f na kijiti cha mshikaki, we una mlango kabisa, unafungua unaweka robo godoro unafunga.

Mtoto wa Ridhim:
Nimecheka kwenye daladala watu wananiangalia 😂😂😂 robo godoro

Nyuzi Sita:
We Besi ni ndugu yake huyo fundi?

Mzee Solo:
Ungenunua la aina ya ES-335 usingehangaika na fidibaki, Gibson waliliona hilo tangu 1958 wakaweka gogo la mbao ya mepo katikati ya tumbo. Tumbo zima wazi ni la gitaa la Epiphone Casino na wenzake, hata Beatles walikuwa nazo, lakini wao walikuwa na mafundi.

Bandiko Moja:
Picha bado?

Dada Kitenge:
Nyie mna afadhali, chenu mmerudishiwa. Mi fundi wangu cherehani, mnamjua nae, nimempa kitenge cha sare ya harusi ya mdogo wangu, kila nikienda "dada bado vifungo tu", juzi napanda gari nakikuta kitenge changu kimekaa siti ya dirishani kimeshonwa gauni la mtu mwingine na kimempendeza.

Mama Vifaranga:
Heee! Ukafanyaje?

Dada Kitenge:
Ningefanyaje mama, nimvue? Nimemuuliza bei kanitajia ndogo kuliko niliyopigwa mimi.

Mtoto wa Ridhim:
Wa friji nae msimsahau. Kaja kuongeza gesi, kaondoka na taa ya ndani.

Nyuzi Sita:
Wakuu turudi kwenye mlango

Mama Vifaranga:
Subiri kidogo baba. Dada Kitenge huyo cherehani ndo yule anavaa futi shingoni hata msibani?

Dada Kitenge:
HUYO HUYO.

Mama Vifaranga:
Ana gauni langu tangu Pasaka!! Kesho saa mbili tukutane pale kwake, njoo na risiti.

Bandiko Moja:
Nami nakuja, ana suruali yangu.