Malisho yamejaa lakini ng'ombe wanakonda: naomba ushauri

Mchunga Ugenini: Ndugu wanajamvi, ninafuga ng'ombe wa nyama karibu na Lexington, Kentucky, Marekani. Tangu joto lianze wanahema kwa kasi, manyoya ya baridi hayajapukutika, mchana wanashinda dimbwini, na ingawa malisho yanawafika magotini wanakula kidogo huku tumbo likionekana limejaa. Dawa ya minyoo haikusaidia. Nifanye nini?

Mama Mbulu: Mwanangu, ufugaji hauanzi na dawa. Marehemu baba yangu alimjua kila ng'ombe kwa jina, na aliyeacha kucheua alimtambua kabla ya jua kuzama. Wewe unakaa nao?

Daktari wa Zizi: Wanakula nyasi gani, na zimetoa masuke?

Mchunga Ugenini: Ni feskyu ndefu, ile ya Kentucky 31. Masuke yametoka. Niliiwekea mbolea ya naitrojeni ili istawi.

Daktari wa Zizi: Ndani ya aina hiyo, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1943, huishi kuvu isiyoonekana kwa macho, na humo hupatikana sumu ya ergovalini. Umbo lake linakaribiana na la serotonini na dopamini, kemikali zinazopitisha taarifa katika neva, hivyo hushika vipokezi vya kemikali hizo, yaani sehemu za seli zinazopokea taarifa zake. Serotonini si ya ubongo peke yake. Sehemu kubwa hutengenezwa tumboni, na husaidia kuongoza mikazo ya njia ya chakula. Sumu ikishika vipokezi vya serotonini, mishipa ya damu hubana, mikazo ya tumbo la kwanza hupungua, chakula hukaa humo muda mrefu, na mnyama aliyeshiba cha jana hana hamu ya cha leo. Ikishika vya dopamini, homoni ya prolaktini hushuka, jambo linalohusishwa na manyoya kutopukutika. Masuke ndiyo yenye sumu nyingi, na naitrojeni huiongeza.

Kuku wa Pwani: Mwezi uliopita jina hilihili liliuliza bei ya vifaranga Kibaha. Leo yuko Kentucky? Hadithi hii imetungwa.

Mchunga Ugenini: Akaunti hii ninaitumia pamoja na mdogo wangu aliye Kibaha. Ng'ombe wapo, na kwa kuwa naitwa mwongo nitasema yote. Habari ya dopamini nilikwisha kuisoma, na wawili nimewapa vidonge vya metoklopramidi, vile vya binadamu vya kuzuia kutapika. Vinazuia dopamini, na watafiti waliwahi kuvijaribu kwa ng'ombe wa feskyu, sioni ubaya. Mmoja wao ni wa harusi ya Jumamosi.

Mama Mbulu: Utawalisha wageni dawa?

Daktari wa Zizi: Utafiti ule haukuifanya kuwa dawa iliyoidhinishwa kwa ng'ombe wa nyama huko Marekani, kwa hiyo huna muda uliowekwa wa kusubiri kabla ya kuchinja. Huyo asichinjwe, mweleze daktari wa mifugo kiasi ulichompa. Kidonge hakiondoi sumu malishoni. Wahamishie nyasi nyingine, fyeka masuke, acha mbolea, kisha changanya klova nyekundu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, ambayo hupunguza kiasi cha feskyu wanachokula na ina isoflavoni, kemikali za mimea zinazosaidia kulegeza mishipa.

Mchunga Ugenini: Wa harusi nitambadilisha, na masuke nayafyeka kesho. Lakini yule wa pili ameanza kucheua vizuri tangu nimpe kidonge, nami nitaendelea naye hadi daktari afike Jumatatu.