Kijana na mstaafu: nini hasa kinawasukuma kufungua biashara?

KalamuWino
Wakuu, naandaa mafunzo ya ujasiriamali ya siku mbili kwenye kata. Ukumbi mmoja utakuwa na vijana wa miaka 20 hadi 30 pamoja na watumishi waliobakiza mwaka mmoja au miwili kustaafu. Naambiwa kijana anafuata fursa na mzee anafuata usalama, ila mtaani naona karibu kinyume chake. Nini kinawasukuma, na niwatenganishe vipi?

fundi_hesabu
Umri uache kwanza, mkuu. Waulize: hela ya kwanza unaihitaji lini? Kijana asiye na ajira anaihitaji leo jioni, ndiyo maana anakimbilia genge, chipsi au bodaboda, kazi zinazotoa fedha siku hiyohiyo. Bodaboda ya mkataba yenye hesabu (fedha anayompelekea mwenye pikipiki) ya 10,000 kila siku ni 3,650,000 kwa mwaka, na mafuta, oili na matairi ni juu yake. Anavumilia kwa sababu hana dhamana ya kukopea. Hiyo siyo fursa, ni shida.

Mstaafu ana pensheni ya kila mwezi na kiinua mgongo anachokishika mara moja tu maishani. Anaogopa fedha kuisha, lakini zaidi anaogopa kuamka saa 12 asubuhi bila pa kwenda. Hofu hiyo ya pili haisemi, ila ndiyo inayomfanya ajenge banda la kuku la tofali kabla hajajua atamuuzia nani.

BiHawa
Hapo kwenye banda ndipo wanapoumia. Chukua kuku wa nyama 300. Kwa kuku 10 kila mita ya mraba, eneo ni mita za mraba 30 tu. Hadi wiki ya sita kila kuku anakula kilo 3.5 hadi 4, yaani mifuko 21 hadi 24 ya kilo 50, na chakula ndicho zaidi ya nusu ya gharama yote. Fedha ikishaishia kwenye tofali na bati, chakula kinapungua wiki ya nne, kuku wanadumaa, mnunuzi anakata bei. Wakishakomaa nako, kumngoja mnunuzi ni hasara: gramu 150 kwa kuku mmoja ni kilo 45 kwa siku, karibu mfuko mzima.

Kwa hiyo wafundishe banda la mabanzi na wavu, na fedha ya chakula cha mizunguko miwili iwe imetengwa kabla ya kununua kifaranga cha kwanza. Chanjo ya kideri siku ya 7, Gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21. Anayeruka moja ili abane matumizi anaweza kupoteza banda zima.

KalamuWino
Asante sana, dada. Na vijana, niwaelekeze kwenye mkopo wa halmashauri?

Mtunza_Daftari
Waelekeze, hauna riba. Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri inaitenga kwa mikopo hiyo, 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Tatizo ni vikundi vinavyoundwa kwa ajili ya mkopo tu: fedha ikiingia wanagawana, kila mtu anashika njia yake, deni linabaki la wote. Kikundi kiwe kimeweka akiba pamoja miezi sita kwanza.

La pili ni daftari. Genge la kijana ndilo linalolisha nyumba, kwa hiyo mtaji unaliwa kidogokidogo bila yeye kuona. Ajipangie posho ya siku na asivuke hapo. Daftari linapunguza hata kodi: kwa viwango vilivyoanza 2019, genge linalouza 4,950,000 kwa mwaka bila kumbukumbu linalipa 100,000, lenye kumbukumbu linalipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani 28,500.

fundi_hesabu
Mkuu, wengine watataka kushirikiana, mzee atoe eneo na mtaji, kijana atoe kazi. Waandikiane, na kijana alipwe kwa kila kuku aliyeuzwa, siyo kwa faida. Faida wataibishania kila mwezi, kuku wanahesabika.