Hospitali imetupa karatasi ya milioni 3 tusaini kwa ajili ya mtoto wetu aliyeumia wakati wa kuzaliwa. Tusaini?

Mama Nuru

Habari zenu wakuu. Naomba mnisome hadi mwisho, na mwenye uelewa wa sheria au aliyepitia jambo kama hili anisaidie, maana Ijumaa ijayo natakiwa kutoa jibu.

Mwanangu wa kike ana miaka 2 na miezi 5. Hakai mwenyewe, shingo ndiyo kwanza inaanza kukaza, chakula chake nasaga. Daktari wa watoto ameandika mtindio wa ubongo uliotokana na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Mimba haikuwa na shida, kliniki sikukosa hata mara moja, kadi ninayo.

Siku ya kujifungua nilifika hospitali (ni ya binafsi, sitaitaja) saa 12 asubuhi. Nikapimwa, nikaambiwa njia imefunguka sentimeta 4. Saa 6 mchana ilikuwa 7, wakanitundikia dripu ya uchungu. Saa 10 jioni nikapimwa tena, bado 7, na maji yaliyotoka yalikuwa ya kijani. Nesi wa zamu alimpigia daktari simu mbele yangu, nikasikia akijibiwa asubiri. Niliingizwa chumba cha upasuaji saa 3 usiku. Mtoto hakulia. Walimkimbiza meza ya pembeni, na kauli pekee niliyopewa usiku ule ni kwamba mtoto amezaliwa amechoka. Kesho yake degedege likaanza.

Nilikuwa fundi cherehani, fremu nimeshairudisha kwa mwenyewe kwa sababu siwezi kushona na kumlea. Kila mwezi nampeleka Dar, hospitali ya CCBRT, kwa ajili ya mazoezi ya viungo. Baba yake ni dereva wa lori, anajitahidi.

Mwezi uliopita aliandika barua hospitali kuuliza nini kilitokea. Wakatuita. Walitupokea vizuri, wakasema wanasikitika, kisha wakatoa karatasi: watatupa shilingi milioni 3 kama mkono wa pole, na sisi tunakubali kwamba hatutadai chochote, sisi wala mtoto, leo wala baadaye. Mama mkwe anasema tuchukue, ni kazi ya Mungu. Mimi mkono umekataa kushika kalamu.

Tusaini? Na tusiposaini, tunaanzia wapi?

Baba Eli

Pole sana dada. Usisaini. Mimi nilisaini.

Ilikuwa 2019, mkoa mwingine, hospitali nyingine. Milioni moja na nusu. Mtoto alikaa siku 21 kitengo cha watoto wachanga, nilikuwa na madeni kwa ndugu na kwa bosi, nikaona hii ni neema. Pesa iliisha kabla mtoto hajatimiza mwaka. Sasa ni mkubwa, ana kilo 17, na mke wangu mgongo umeharibika kwa kumbeba. Kiti cha magurudumu cha kwanza kimeshakuwa kidogo kwake. Kipo stoo, na kila nikikiona naona sahihi yangu.

Nyundo ya Fundi

Sheria inasema miaka 3 tu, na wewe umebakiza miezi 7. Ukipita hapo umekwisha. Harakisha, au chukua hiyo hela.

Wakili wa Mkoani

Mama Nuru, pole kwa safari hii. Naomba kwanza niweke sawa la mkuu hapo juu, maana jibu kama hilo ndilo linalowafanya wazazi wasaini kwa hofu.

Ni kweli, kwa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, madai ya uzembe yana miaka 3. Lakini aliyeumia ni mtoto, na sheria hiyohiyo inasema mwenye haki akiwa bado mtoto, muda wake unaanza kuhesabiwa pale anapoacha kuwa mtoto kisheria. Kwa hiyo haki ya Nuru haifi mwezi wa saba kutoka leo. Inayokaribia kufa ni haki yenu wazazi: gharama mlizotumia ninyi na kipato chako kilichopotea. Hayo mawili msiyachanganye. Hata hivyo siwashauri kungoja, kwa sababu manesi wanahama vituo, mafaili yanapotea, na kumbukumbu ya watu inafifia. Fungueni mapema, madai yote mawili pamoja.

Mtoto hushtaki kupitia mzazi au mlezi wake. Na hili ndilo linalohusu karatasi yenu: kesi ya mtoto ikiwa mahakamani, anayemwakilisha hawezi kufanya makubaliano ya kuimaliza bila idhini ya mahakama. Sheria inamlinda mtoto hata dhidi ya mzazi aliyebanwa na madeni. Hiyo karatasi mnayopewa haina hakimu ndani yake. Mkisaini, hata kama baadaye tutabishana kwamba haimfungi Nuru, mtakuwa mmejiongezea ubishi mmoja mzito kabla ya kuanza. Na haki yenu ninyi wenyewe mtakuwa mmeiachia.

Sasa kuthibitisha. Si kila mtindio wa ubongo unatokana na uzembe, na wakili wa hospitali atasema hivyo siku ya kwanza. Atauliza kuhusu maambukizi, umanjano wa mtoto mchanga, kuzaliwa njiti, kitovu kumzunguka. Wewe unatakiwa uonyeshe mambo matatu: walikuwa na wajibu kwako, walifanya chini ya kiwango ambacho daktari au mkunga mwenye ujuzi wa kawaida angefanya, na kuchelewa huko ndiko kulikomuumiza. La tatu ndilo linaloangusha kesi nyingi. Linahitaji daktari bingwa aliye tayari kusimama mahakamani na kusema, na kumpata si kazi ndogo kwa sababu wanafahamiana. Anza kumtafuta mapema.

Mnayemshtaki ni hospitali yenyewe, kwa sababu mwajiri hubeba kosa la mfanyakazi wake aliyekuwa kazini. Nesi aliyepiga simu usimchukie. Huenda akawa shahidi wako mkubwa.

Mkunga Mstaafu

Nimefanya kazi leba miaka 31. Nimesoma saa ulizoandika nikachukua karatasi nikachora.

Kuna fomu ya kufuatilia uchungu inaitwa patografu. Inafunguliwa mama akishafika sentimeta 4, na ina mistari miwili. Mstari wa tahadhari unategemea njia ifunguke walau sentimeta moja kwa saa. Mstari wa hatua uko saa 4 mbele yake. Wewe ulianza na 4 saa 12 asubuhi, kwa hiyo kwa mstari wa tahadhari ungetimiza 10 saa 6 mchana. Saa hiyo ulikuwa na 7. Kwa sentimeta 7, mstari wa hatua unapita saa 7 mchana. Saa 10 jioni wewe ulikuwa bado 7, una dripu, na maji ya kijani. Umeuvuka kwa saa 3.

Naomba nielewekwe. Kuvuka mstari wa hatua hakumaanishi lazima mama apasuliwe. Kunamaanisha mtu mwenye uwezo wa kuamua aje kitandani, aangalie, aamue, aandike. Kujibu kwa simu "subiri" bila kuja si uamuzi.

Kwenye fomu hiyohiyo mapigo ya moyo ya mtoto yanaandikwa kila nusu saa, na kawaida yake ni kati ya 110 na 160 kwa dakika. Mama aliye kwenye dripu ya uchungu anaangaliwa kwa ukaribu zaidi, si pungufu. Omba hiyo fomu kabla ya kitu kingine chochote. Ikiwa imejazwa, itasema. Ikiwa ni tupu, nayo inasema. Sehemu nyingine siku hizi wanatumia mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2020 badala ya patografu ya zamani, kwa hiyo andika "kumbukumbu zote za uchungu na kujifungua", wasije wakakujibu kwamba fomu hiyo hawanayo.

Omba pia alama za hali ya mtoto (Apgar) za dakika ya 1 na ya 5, karatasi ya upasuaji yenye saa uamuzi ulipofanyika na saa mtoto alipotoka, na faili lake la wodi ya watoto wachanga. Degedege la ndani ya siku ya kwanza lina uzito mkubwa kwa mtaalamu atakayesoma.

Mtumishi wa Afya

Mimi nitasema tofauti, na sisemi kwa kumkebehi mama. Daktari mmoja anakuwa zamu leba, wodini na upasuaji kwa wakati mmoja. Kila mzazi akishtaki, watu wataogopa kuzalisha, watapeleka kila mama rufaa, na watoto watafia njiani. Mama Nuru, wale watu hawakukusudia. Pokea pole yao, elekeza nguvu kwa mtoto.

Mama Nuru

Mtumishi wa Afya, nimekusoma vizuri wala sijakasirika. Najua hawakukusudia. Sitaki mtu afungwe. Lakini nikiamka saa 9 usiku kumgeuza mtoto asikwame kamasi, nani analipa hiyo saa 9 ya usiku kwa miaka yote inayokuja? Milioni 3 nimezigawa kwa nauli, dawa ya degedege, nepi na mazoezi. Hazifiki miezi 14.

Baba Eli

Hapo ndipo, dada. Kutokukusudia hakumfanyi mtoto atembee.

Halima wa Pwani

Naomba nidandie uzi. Wangu alizaliwa hospitali ya wilaya, ya serikali. Mkono wa kulia umelegea tangu siku ya kwanza, walimvuta bega likiwa limekwama. Ana miezi 10. Njia ni ileile?

Wakili wa Mkoani

Halima, hapana. Ukiishtaki Serikali, ikiwemo halmashauri, kwa sheria ya mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, lazima kwanza utoe notisi ya siku zisizopungua 90 ukieleza msingi wa madai yako, na nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya 2020, Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye kesi, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Kesi nyingi nzuri zimetupwa kwa sababu ya notisi mbovu, mahakama haikufika hata kwenye maumivu ya mtoto. Hapo usijiandikie mwenyewe.

Na kuhusu bega usikae: muulize daktari wa mifupa sasa hivi kama mishipa ya fahamu inarudi yenyewe. Upasuaji wa mishipa hiyo una umri wake, na miezi inakimbia. Kesi inaweza kungoja wiki, mkono usingoje.

Nirudi kwa Mama Nuru. Mambo ya kufanya kabla ya Ijumaa. Andika barua kuomba nakala ya faili lako na la mtoto, ipelekwe kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi. Taja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inakupa haki ya kupata taarifa zako. Wakikataa, kukataa kwao kwa maandishi nako ni ushahidi, na mahakama inaweza kuwaamuru walete. Karatasi ya milioni 3 ipige picha, ihifadhi, usiirudishe ikiwa na alama yoyote yako.

Kusanya risiti. Hasara halisi mahakamani huthibitishwa shilingi kwa shilingi, risiti isipokuwepo hakimu hana pa kushika. Maumivu na maisha yaliyobadilika ni fidia ya jumla, hiyo iko mikononi mwa hakimu. Tiketi za basi, risiti za dawa, mkataba wa fremu uliyoiacha, daftari lako la wateja wa cherehani, vyote viweke.

Unaweza kulalamika pia Baraza la Madaktari Tanganyika, na kwa wakunga na wauguzi kuna baraza lao. Wanaweza kumwonya mtu, kumsimamisha au kumfuta. Fidia hawatoi. Lakini uchunguzi wao unaweza kukusaidia.

Kama fedha ya wakili hakuna, tangu 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria. Nenda TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, au muulize afisa ustawi wa jamii wa halmashauri akuelekeze kwa msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa. Jihadhari na vishoka, mawakili feki wanaozunguka mahakamani. Jina la wakili likague kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla hujatoa hata shilingi.

Dada wa Leicester

Nipo Uingereza, namlea mtoto mwenye hali kama ya Nuru. Huku kesi yetu dhidi ya huduma ya afya ya serikali ilichukua miaka. Sheria ni nyingine na sisemi mtapata kama huku, ila kuna kitu wakili wetu alinifanyisha ambacho kilibadilisha kila kitu. Alinipa daftari, akasema usiandike ulichotumia jana, andika siku yake moja kuanzia anapoamka: nani anamnyanyua, anakula kwa dakika ngapi, nani anakaa naye ukienda dukani. Kisha akaniuliza: akiwa na miaka 10 itakuwaje? Akiwa na 30, na wewe haupo? Malipo yakapangwa kwa maisha yake, mengine yanakuja kila mwaka. Andika hilo daftari, mdogo wangu. Bili zinaonyesha ulikotoka tu.

Mama Nuru

Wakuu, narudi kuwapa mrejesho. Ijumaa tulikwenda, mimi na mume wangu na dada yangu kama shahidi. Hatukusaini. Tuliacha barua ya kuomba faili, muhuri ukagongwa. Kwanza walisema faili halitoki. Dada yangu akataja sheria ya 2022 na kuomba kukataa kwao kwa maandishi. Tukaambiwa turudi Jumatano.

Jumatano tulipewa nakala, kurasa 23. Mkunga Mstaafu, patografu ipo. Ina alama ya saa 12 asubuhi na ya saa 6 mchana. Baada ya hapo hakuna kitu, si sentimeta, si mapigo ya moyo, hadi karatasi ya upasuaji. Saa 9 nzima za mwanangu ni visanduku vyeupe. Nilikaa kwenye benchi pale nje nikahesabu vile visanduku kwa kidole, mume wangu ameshika mtoto.

Mama mkwe nilimwonyesha. Hajui kusoma sana, nikamwelekeza kwamba kila kisanduku ni nusu saa mtu alitakiwa asikilize moyo wa Nuru. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema niiweke mahali panapofungwa kwa ufunguo.

Jumatatu tuna miadi na wakili wa msaada wa kisheria. Daftari nimeanza, nipo ukurasa wa nne na bado sijafika saa 6 mchana.