Mrejesho: laptop iliyokuwa inaamka na skrini nyeusi imepona

Wakuu habari zenu, narudi na mrejesho. Kwa ambao hawakuona, laptop yangu ya Windows 11 nikiifunga ikalala, nikiifungua feni inazunguka, taa za kibodi zinawaka ila skrini nyeusi tii, mpaka niizime kwa kushikilia batani ya pawa na kazi ambayo sijasevu ndo basi tena.

Sasa yule mkuu aliyesema nibonyeze Windows+Ctrl+Shift+B (inawasha upya draiva ya grafiksi, yaani programu inayoendesha picha ya skrini) ubarikiwe sana, ikalia mlio mmoja picha ikarudi hapohapo, ndo nikajua kioo ni kizima, shida ni hiyo draiva, maana fundi wa mtaani alishanipigia bei ya kioo kipya (tena bila hata kuifungua mashine!). Ila ile inaamsha tu haitibu, kesho yake ikarudia vilevile. Nikaingia Device Manager (sehemu ya Windows ya kusimamia vifaa na draiva zake), kile kitufe cha kurudisha draiva ya zamani kimefifia hakibonyezeki, basi nikashusha draiva kutoka saiti ya waliotengeneza laptop, nikatoa ile iliyojiweka yenyewe na apdeti, nikaweka hiyo nikaristati. Toka hapo inalala na kuamka freshi, hata nikiiacha usiku kucha.

Fast Startup (ile ya kufanya Windows iwake haraka) nimeizima pia kama mlivyoshauri ila sidhani kama ndo mchawi, yenyewe inahusika ukizima mashine kabisa siyo ikilala. Nikiwa nimechomeka HDMI ya TV bado inachelewa kidogo kuamka, hiyo navumilia tu.